Nimechaguliwa mzee wa kanisa, na mimi ni bodaboda. Niache kijiwe?

Boxer_Kashai ameuliza:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Mimi ni mkazi wa Bukoba mjini, Mlutheri wa kuzaliwa, naendesha pikipiki. Si yangu, ni ya mtu, napeleka hesabu kila jioni. Nina mke na watoto, wa kwanza yuko kidato cha pili. Naeleza haya mapema ili mtu asije akanishauri "acha boda ufungue duka". Mtaji wa duka ningekuwa nao ningeshafungua.

Mwaka huu usharika wetu ulifanya uchaguzi wa wazee wa kanisa, jina langu likapendekezwa na jumuiya. Nilidhani ni utani wa akina mama, kwa sababu mimi ndiye ninayewapeleka sokoni. Likapita. Mchungaji akatuingiza kazini mbele ya watu wote, tukapiga picha na suti. Suti yenyewe ya shemeji, mabega yalinizidi.

Kabla ya hapo kijiweni nilikuwa mtu kama watu. Tunataniana, tunazozana, mtu akinipora abiria namfuata mpaka mbele ya benki tunamalizana huko. Tangu ile picha iingie kwenye magrupu wenzangu wameanza kuniita "Mchungaji". Nikifika wananyamaza. Kuna dogo mmoja alikuwa anasimulia mambo yake ya disko, akaniona nakuja, akakata katikati akaanza habari za bei ya petroli. Foleni ikiwa ndefu wananiambia, "Mzee pita mbele, mchukue huyu." Mwanzoni nilikataa. Siku hizi mvua ikinyesha sikatai sana.

Kanisani ndiyo kabisa. Mzee mwenzangu mmoja, mtu mstaafu ninayemheshimu, aliniita pembeni baada ya ibada. "Kijana wangu, sasa wewe ni mtu mzito. Haipendezi waumini wakukute umekaa juu ya pikipiki unaita abiria. Tafuta shughuli nyingine, au angalau uhamie kijiwe cha mbali." Nikaambiwa pia wazee wana viti vyao mbele, vile vya vitambaa, kwa hiyo nisikae tena nyuma na wanangu. Wanangu wakikaa peke yao wanapigana, na hilo nalo ni la mzee wa kanisa.

Halafu mnada. Mnaosali kwetu mnajua, ibada ikiisha vitu vilivyotolewa sadaka vinanadiwa pale nje: mikungu ya ndizi, mayai, kuku, msimu wake ukifika hata senene. Mimi mnada naupenda, nina mdomo. Jumapili moja ulitoka mkungu wa nguvu, nikasema 6,000. Kimya. Anayenadi akarudia, "6,000 kwa Mzee, 6,000 kwa Mzee", hakuna aliyepandisha. Mkungu ule siku za kawaida unafika 12,000, watu wanashindana huku wanacheka. Nilipouliza baadaye nikajibiwa, "Sasa sisi tushindane na Mzee?" Kwa hiyo heshima yangu imeliingiza kanisa hasara ya shilingi 6,000.

Naomba mnisaidie. Je, ni kweli mtu akipewa uongozi kanisani anatakiwa kuacha kazi kama yangu? Na hizi heshima, nizikatae au nizipokee kwa sababu ndiyo desturi? Mke wangu anasema nikizikataa nitaonekana najifanya mnyenyekevu, na yeye ananijua. Nimesoma Mathayo 23, Yesu anasema "wala msiitwe viongozi", nikabaki nashangaa, maana sisi tuna mchungaji, mkuu wa jimbo, askofu, mwenyekiti, katibu na mhazini.

La mwisho sijui hata nilisemeje. Mimi sasa ni nani? Yule wa kijiweni au huyu wa kiti cha kitambaa? Usiku nikipiga magoti kuomba najikuta natumia sauti ya mtu wa mbele, maneno marefu, wakati zamani nilikuwa nasema tu "Baba, leo hesabu haijatimia".

Karibuni. Matusi hapana.

---

Mkweli_Mbagala:

Paulo alishona mahema, imeandikwa Matendo 18. Petro mvuvi. Bwana mwenyewe walimwita "seremala". Huyo mzee wako mstaafu anapokea pensheni, wewe unapokea vumbi. Endelea na boda.

Huku kwetu Dar tuna ugonjwa wa upande wa pili. Jirani yangu alianza na kanisa la mabati akiwa mchungaji. Walipofika watu thelathini akawa askofu. Wakabaki hao hao thelathini, akawa mtume. Sasa ni "Mtume na Nabii", na ana kijana wa kumbebea Biblia kutoka kwenye gari hadi mlangoni, hatua kama kumi. Kanisa halijaongezeka hata benchi. Ukiona mtu anaongezewa majina huku kazi imesimama palepale, jiulize majina yale yanaziba nini.

Swali langu kwako, na usikwepe: kwenye kuhesabu sadaka mnahesabu wangapi, na nani anasaini? Maana mtu anaweza kukaa nyuma na watoto, akapanda boda, akaitwa ndugu, na bado akawa mwizi mnyenyekevu.

---

Boxer_Kashai:

Ha ha, mwizi mnyenyekevu! Tunahesabu wazee wa zamu pamoja na mhazini, tunaandika kwenye daftari, wote tunasaini, na Jumapili inayofuata inatangazwa mbele ya watu pamoja na idadi ya waliohudhuria. Hapo hatuna shida.

---

Mtu_wa_Murang'a:

Salamu kutoka Murang'a, Kenya. Mimi ni Mwanglikana. Hilo swali lako la mwisho ndilo limenigusa, hayo mengine ni ya kamati.

Nyanya yangu alikuwa mmoja wa wale tunaowaita ahonoki, yaani waliookoka wa ule uamsho wa zamani. Mwaka 1947 kulikuwa na mkutano mkubwa sana wa hao ndugu hapa Kahuhia, alikuwa akiutaja kama vile watu wengine wanavyoitaja harusi yao. Miaka michache baadaye, 1952, serikali ya Mwingereza ikatangaza hali ya hatari, vita vya Mau Mau vikachacha huku kwetu. Wapiganaji wakataka kila mtu ale kiapo. Ndugu walikataa, wakasema wamekwisha kunywa kikombe cha damu ya Yesu na hawawezi kunywa kingine juu yake. Basi serikali ikafurahi ikadhani imepata watu wake, ikawaletea bunduki wawe askari wa Home Guard, wale walinzi wa vijiji wa upande wa serikali. Wengi wakakataa na bunduki pia. Kwa hiyo walichukiwa huku na huku. Wengine waliuawa. Nyanya alikuwa na alama mgongoni, na hakuwahi kutuambia ni ya upande upi.

Nakwambia haya kwa sababu wakati ule hapakuwa na mtu wa kuwaita Mzee wala Mheshimiwa. Jina walilokuwa nalo kijijini lilikuwa la kejeli. Na bado ukimwuliza nyanya yeye ni nani, alikujibu kabla hujamaliza: nimeokolewa na Yesu, mimi ni mtoto wake. Sikumsikia hata siku moja akianza na "mimi ni mwenyekiti wa Mothers' Union", yaani umoja wa akina mama wa Kianglikana, na alikuwa mwenyekiti miaka mingi.

Mmoja wa ndugu hao, Obadiah Kariuki, alifanywa askofu mwaka 1955. Huyo alioa binti wa Chifu Koinange, na Jomo Kenyatta naye alioa nyumba hiyo hiyo, kwa hiyo walikuwa mashemeji. Angetaka ukubwa, ukubwa ulikuwa umemzunguka pande zote. Nyanya alimkumbuka kama mtu wa ushirika tu.

Rudi kwenye maombi yako ya hesabu haijatimia. Huyo ndiye wewe.

---

Mama_Kanyigo:

Mwanangu, Mukama asiimwe. Mimi ni mama wa mkoa wako, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na anayenichapia haya ni mjukuu. Ameniambia nifupishe, nimekataa.

Huyo ndugu wa Murang'a amenitangulia, maana mimi nami ni mtoto wa uamsho huo huo. Vijana mkisikia uamsho mnafikiri ni spika kubwa uwanjani. Ule ulianzia Rwanda, Gahini, kwenye hospitali ya misheni, na chimbuko lake ni watu wawili waliokutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929: daktari Mwingereza Joe Church, na Mganda Simeoni Nsibambi. Ilikuwa enzi ya ukoloni. Mzungu daktari na Mwafrika wakakaa wakafungua Biblia pamoja kama wenye njaa moja, na daktari hakuona haya kusema kwamba moyo wake umekauka. Ukaenea Uganda, ukavuka kuja kwetu Buhaya, ukaenda Kenya. Tukutendereza Yesu mnaoimba hadi leo misibani, hata msiojua Kiganda, ni wimbo wa watu hao.

Niliyoyaona kwa macho ni ya nyumbani kwetu, nikiwa mtoto. Ushirika ulikuwa jioni, watu wanakaa kwenye mabenchi, wengine chini kwenye nyasi. Meza kuu hakuna. Mwinjilisti, mwalimu mkuu, mpishi wa wamisionari, mama muuza maharage, wote ni ndugu. Kila mmoja anasema amekwendaje na Bwana tangu walipoachana, hasa pale alipoanguka. Na mwenzako ana ruhusa ya kukuuliza. Hilo la ruhusa ndilo nataka ulishike.

Baba yangu alikuwa mwalimu mkuu, mtu mkali, fimbo haimtoki mkononi. Jioni moja yule mpishi akamgeukia mbele ya watu wote: "Ndugu, kuhusu yule mtoto uliyempiga jana, uko nuruni, huna unachoficha?" Baba akanyamaza. Mimi niko nyuma ya mlango, najua leo mpishi anatolewa nje. Hakutolewa. Baba alisema, "Siko." Kesho yake asubuhi, kabla ya kengele, alikwenda kwa wazazi wa yule mtoto. Mwalimu mkuu, mwaka huo, kwenda kuomba radhi kwa wakulima! Watu walilisimulia jambo hilo hadi kisimani.

Usidhani baba alikuwa mpole kwa asili. Nyumbani tulikuwa tunajua hatua zake. Kilichomsaidia ni kwamba kulikuwa na mahali, kila juma, ambapo cheo chake hakikumkinga na swali. Nimewaona wengi waliopata uongozi kanisani baada ya hapo, wengine wapole kuliko baba, wakaharibika kwa sababu hawakuwa na mpishi.

Na angalia, watu hao hawakukataa vyeo. Askofu Josiah Kibira alitoka katika uamsho huo. Akawa askofu hapa kwetu mwaka 1964, na 1977 Walutheri wa dunia nzima walipokutana Dar es Salaam wakamchagua rais wa shirikisho lao, Mwafrika wa kwanza. Festo Kivengere, aliyewahi kufundisha shule Dodoma, akaja kuwa askofu wa Kigezi mwaka 1972. Yeye alikuwa akisimulia jinsi alivyopanda baiskeli mwendo mrefu kwenda kumwomba msamaha Mzungu ambaye yeye Festo alikuwa akimchukia. Wewe una pikipiki, huna kisingizio.

Kuhusu Mathayo 23, soma kuanzia mstari wa sita. Bwana anawasema wanaopenda viti vya mbele na kusalimiwa masokoni. Viti vya mbele, mwanangu, ni kama ameona kiti chako cha kitambaa. Kisha anasema aliye mkubwa wenu atakuwa mtumishi wenu. Kwa hiyo alijua wakubwa watakuwapo. Anachokataza ni wewe kukaa mahali pa Kristo katika macho ya watu, wakafika kwako wakatosheka.

Nisikudanganye lakini kwamba ule uamsho ulikuwa mbingu. Ulizaa majivuno yake. Kulikuwa na walioungama kwa urefu ili wasifiwe. Kulikuwa na walioungama dhambi za wenzao: "Ndugu zangu, naweka nuruni kwamba nilimchukia mama fulani kwa sababu ya wizi wake wa kuku." Mama fulani yuko palepale! Tulikatazwa kusuka nywele, na msichana akisuka anaombewa kama mgonjwa. Uganda wakatokea waliosema wenzao wamesinzia, wao ndio walioamka, hata kukopa fedha wakakufanya kuwa dhambi. Unyenyekevu nao unaweza kugeuzwa cheo, na hicho ni kibaya kuliko vyote kwa sababu huna pa kukivulia.

Sasa fanya hivi. Tafuta watu wawili au watatu, na angalau mmoja asiwe mtu wa kanisani kwenu. Waambie wazi: mna ruhusa ya kuniuliza chochote, fedha, mke, hasira, na sitanuna. Ukinuna, ndipo utakapojua ugonjwa wako uko wapi.

Na hilo la wewe ni nani. Yesu alipotoka majini pale Yordani, sauti ilisema huyu ni Mwanangu mpendwa. Alikuwa hajaponya hata kipofu mmoja. Hajahubiri. Alipendwa kwanza, kazi ikafuata. Wanafunzi nao waliporudi wakifurahi kwamba pepo wanawatii, aliwaambia wafurahi kwa sababu majina yao yameandikwa mbinguni. Jina lako lililoandikwa huko ni lile la ubatizo, halina "Mzee" mbele yake.

---

Katekista_Mstaafu:

Tumsifu Yesu Kristo.

Ingawa mimi ni Mkatoliki, niruhusuni. Nimekuwa katekista huku kusini, Songea vijijini, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Padre anafika kigangoni mara chache, katikati ni wewe na Mungu na baiskeli. Kwa hiyo heshima za namna hiyo nazijua.

Namuunga mkono mke wa mwuliza swali. Kukataa heshima kwa sauti kubwa ni njia nyingine ya kuitwa mbele. Nilipoanza ukatekista nilikuwa nikifika nyumba ya watu wananichinjia kuku, wananiwekea firigisi. Kwetu firigisi haipewi mtu ovyo. Nikikataa, yule mama anaumia, anadhani chakula chake kina kasoro. Nikajifunza kuipokea, kushukuru, kisha kumkatia kipande mtoto aliye karibu. Hakuna aliyedhurika na mama amefurahi.

Lakini foleni ya kijiweni si firigisi. Pale ukipita mbele kuna kijana amepoteza nauli yake. Mnada pia si firigisi, umeeleza mwenyewe hasara. Mimi ndivyo ninavyopima: heshima hii inamgharimu nani? Kama ni yule anayeitoa kwa hiari yake, pokea. Kama inalipwa na mtu wa tatu ambaye hakuulizwa, hiyo irudishe, hata kama wanakuita kwa upole.

Mnakumbuka Aprili 2019, viongozi wa Sudan Kusini walipokuwa Vatikani? Papa Fransisko, mzee wa miaka 82, miguu inamsumbua, alipiga magoti akambusu miguu Rais Salva Kiir, akambusu Riek Machar, na wengine waliokuwapo. Alisaidiwa kuinama na kusaidiwa kusimama. Mimi nililia, sikufichi. Sisi kila Alhamisi Kuu tunaona padre akiwaosha miguu watu kumi na wawili, tumezoea mpaka wengine wanakuja wameshaiosha nyumbani wakapaka mafuta. Ile ya 2019 haikuwa kwenye ratiba ya mtu.

---

Mkweli_Mbagala:

Mzee katekista, shikamoo. Lakini baada ya kubusiwa, hao waheshimiwa waliacha kuuana? Sudan Kusini mpaka leo haijatulia.

---

Katekista_Mstaafu:

Marahaba mwanangu. Serikali ya umoja iliundwa Februari 2020, na mapigano hayakuisha, unasema kweli. Yuda naye alioshwa miguu usiku ule ule, akatoka akaenda kufanya alilokuwa amelipanga. Bwana alijua na bado akaiosha. Mimi sijasema kuosha miguu ni dawa ya vita. Nimesema nililia.

---

Mkweli_Mbagala:

Hapo umenimaliza.

---

Boxer_Kashai:

Nimewasoma wote, wengine nimewasoma kijiweni nikisubiri abiria. Nashukuru sana, na Mama wa Kanyigo shikamoo, nimekusomea mke wangu yote, amesema wewe ndiye angekupigia kura.

Nimefanya lile la watu watatu. Wa kwanza ni mke wangu, huyo hakuhitaji ruhusa. Wa pili ni mwinjilisti wa mtaa wetu. Wa tatu ni mwenyekiti wetu wa kijiwe, ambaye ni Mwislamu, mtu wa swala tano, mkweli mpaka anaudhi. Nilimweleza nikitarajia atacheka. Hakucheka. Akaniuliza palepale: "Basi nianze. Ile siku ya mvua kubwa ulimchukua yule abiria wa Rwamishenye, ilikuwa zamu ya dogo. Umemrudishia nauli yake?" Nikasema dogo mwenyewe ndiye aliyeniambia pita. Akasema, "Aliyekwambia pita ni mimi. Dogo hakusema kitu, alikuwa anakuogopa." Kusema kweli nilinuna, Mama, sitaficha. Nilinuna mpaka kesho yake. Kisha nikamtafuta dogo nikampa 3,000. Alidhani ni sadaka nampa yeye aipeleke, tukachukua muda kuelewana.

Foleni sasa napanga kama wengine. "Mchungaji" bado wananiita, hilo nimewaachia, katekista amenifundisha. Na dogo akianza hadithi za disko nakaa namsikiliza mpaka mwisho, sasa yeye ndiye anayechoka kwanza.

Kuhusu mnada, nilimwomba anayenadi atangaze kwamba wazee hawaanzishi bei, wanaingia baada ya wengine kufika mbali. Alitangaza, watu wakachangamka, akina mama wakanipandishia kwa makusudi. Mkungu nilioondoka nao ulinigharimu 15,000 na mke wangu anasema ulikuwa mdogo.

Maombi bado. Nikianza naisikia ile sauti ya mbele inakuja, nanyamaza, naanza upya na hesabu.

Yule mzee mstaafu nilimfuata nyumbani kwake, si kwa ubishi. Nilimwambia sitahama kijiwe. Akasema, "Haya siwezi kuyaamua kama kijana anavyotaka, yaende kwenye baraza la wazee." Nikamwambia sawa, na la viti vya vitambaa liende pamoja, nakaa na wanangu mpaka baraza liamue. Hakukubali wala hakukataa. Nilipokuwa naondoka akaniuliza kama nina nafasi ya kumpeleka hospitali Jumatatu, ana kliniki ya presha, na kama nauli kwa mzee mwenzangu inapungua.

---

Mama_Kanyigo:

Inapungua?

---

Boxer_Kashai:

Nimemwambia 2,000 kama kila mtu. Amesema atafikiria.